Wanaokujua nusu ndo wenye michongo: namna ya kutumia LinkedIn na WhatsApp kikazi

Wengi tunakumbuka watu tukishakuwa na shida. Mkataba umeisha, au umemaliza chuo na miezi inakatika tu, ndo unafungua LinkedIn uliyoijaza nusu enzi za field, unawatumia watu hamsini ujumbe ule ule wa "naomba kazi yoyote bosi", kimya, wiki ya pili unakata tamaa unasema mitandao haina maana kama huna mjomba. Mjomba anasaidia kweli, siwezi kukataa. Ila wengi wetu hatuna mjomba, na ipo njia inayomfaa mtu asiye na mjomba, ndo nataka niieleze hapa kwa mfano wa fani ninayoijua mimi, ununuzi na ugavi hapa Dar. Wewe weka yako, uhasibu, unesi, umeme, njia ni ile ile.

Kwanza tujue mchongo unatokaga wapi. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alitoa matokeo ya kuwahoji watu waliokuwa wamebadilisha kazi karibuni huko Newton, mji ulio pembeni ya Boston. Wale waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu aliwauliza, huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi? Asilimia 16.7 tu ndo walisema mara kwa mara. Asilimia 55.6 walikuwa wanaonana nao mara mojamoja, na 27.8 kwa nadra sana. Yaani aliyeleta habari ya kazi mara nyingi hakuwa rafiki wa damu, alikuwa mtu wa "aah, kumbe upo". Ukifikiria inaeleweka, maana rafiki yako wa karibu anajua yale yale unayoyajua, mko grupu moja, tangazo mnaliona siku moja, wakati yule mliyekaa naye semina siku mbili miaka mitatu iliyopita sasa hivi yuko kiwandani Mwanza na anasikia vitu ambavyo kwenu havifiki kabisa. Mwaka 2022 jarida la Science likatoa utafiti mwingine uliofanywa ndani ya LinkedIn yenyewe, safari hii ukihusisha watu zaidi ya milioni 20, na jibu halikuwa mbali: waliosaidia zaidi wenzao kuhama kazi ni wale wa ujuano wa kati, si maswahiba na si wageni kabisa.

Kwahiyo shughuli yako mtandaoni ni moja, watu wanaokujua nusu waendelee kukujua na wajue unafanya kazi gani. Yote ninayoandika hapa chini yanaelekea hapo.

Profaili, tuimalize haraka

Kabla hujagusa kitu ingia kwenye settings za LinkedIn uzime ile ya kutangazia watu mabadiliko ya profaili, la sivyo ukirekebisha sehemu ya kazi au elimu watu wako wanaweza kuletewa taarifa. Picha: simama dirishani asubuhi, ukuta mtupu nyuma, shati au blauzi safi, mwambie mdogo wako akupige. Usikate picha ya harusini ambayo mkono wa mtu mwingine bado uko begani kwako.

Pale chini ya jina ndo wengi wanapoteza. Wameandika "Graduate, looking for opportunities". Sasa mtu wa HR akitafuta mtu hatafuti neno hilo, anaandika cheo na mji, na LinkedIn inamletea wenye maneno hayo. Kwahiyo andika cheo unachokitaka kama kinavyoandikwa kwenye matangazo ya fani yako, na kama matangazo yenu yanatoka kwa Kiingereza basi sehemu hiyo iandike kwa Kiingereza, hapa si mahali pa ubishi wa lugha. Halafu weka vitu viwili unavyoviweza kweli: mfumo wa NeST (ule wa zabuni za serikali), usimamizi wa stoo, kitu kama hicho. Halafu mji.

Kwenye uzoefu acha maneno ya jumla kama "nilihusika na masuala ya manunuzi", hayo hayamwambii mtu chochote. Sema ulichokishika kwa mikono. Niliandaa LPO (hati ya kuagiza mzigo), nilipokea mzigo na kujaza GRN (hati ya kupokea mzigo), nilihesabu stoo kila mwisho wa mwezi na kulinganisha na leja. Mtu wa fani akisoma hapo anajua huyu alikuwa ndani ya stoo kweli, hata kama ilikuwa field ya wiki nane. Field ni uzoefu, iandike.

Ile fremu ya kijani ya kutafuta kazi kwenye picha, wapo wanaosema inakushusha thamani. Mimi sikubaliani nao. Kama huna kazi iweke, hakuna aibu yoyote kumwambia mtu uko tayari kufanya kazi. Ila kama uko kazini na unataka kuhama kimyakimya, chagua ionekane kwa waajiri tu, na hata hapo ujue LinkedIn wenyewe wanasema hawakuhakikishii asilimia mia kwamba ofisi yako haitaona.

Kuwapata watu wenyewe

Hiki kitu wengi hawakijui na ndo kinanifurahisha kuliko vyote. Nenda kwenye LinkedIn, tafuta ukurasa wa chuo chako, tuseme Mzumbe, au UDSM, au CBE, ingia, halafu bonyeza palipoandikwa Alumni. Itakuletea wahitimu wote walioandika chuo hicho, na unaweza kuwachuja kwa mji wanaoishi, kampuni wanayofanyia kazi, walichosomea. Andika jina la kampuni unayoitamani. Wanatokea watu sita, saba, wamesoma chuo chako, wengine walikaa hosteli zile zile, na wako ndani ya hiyo ofisi sasa hivi. Hao si wageni tena. Ukiwaandikia una sentensi ya kwanza tayari.

Usimchague mkurugenzi. Chagua aliyekutangulia miaka mitatu mpaka sita, huyo bado anakumbuka mtaani kulivyo na kazi anazozifanya ndo unazozitaka wewe. Andika majina pembeni, kwenye daftari au kwenye notisi za simu, na kila jina uandike kwa nini unamtaka. Ukishindwa kuandika kwa nini, mwache.

Ujumbe wa kwanza

Hapa nitakaa kidogo maana ndo panapoharibika.

Ujumbe unaokufa ni huu: "Mambo." Basi. Halafu mtu anasubiri ajibiwe ndo aendelee. Yule wa upande wa pili ana mikutano, anaona "mambo" kutoka kwa mtu asiyemjua, anapita. Mwingine unaokufa: "Habari bosi naomba unisaidie kazi nina degree nina hali ngumu sana." Namwonea huruma aliyeandika, kabisa, ila huyu bosi afanye nini sasa? Hana kazi mfukoni, hakujui, na kumjibu "sina" kunamtia unyonge, kwahiyo anakaa kimya. Si roho mbaya mara zote.

Sasa angalia huu:

"Habari za kazi. Nimemaliza ununuzi na ugavi Mzumbe mwaka jana, nimeona na wewe umepita pale na sasa uko upande wa stoo. Najiandaa na mitihani ya bodi, na huku nataka nijifunze mfumo mmoja wa stoo vizuri. Kwa unavyoona hapo kazini, kijana anayeanza ajifunze nini kwanza? Jibu hata la mstari mmoja litanisaidia. Asante sana."

Salamu imo, nani anaandika imo, kwa nini wewe na si mwingine imo, na swali ni la dakika mbili. Hajaombwa kazi, ameombwa anachokijua, na watu wanapenda kuulizwa wanachokijua. Ukipeleka ombi la kuunganishwa pamoja na maneno, nafasi ya kuandika ni finyu, na akaunti ya bure inakubana idadi ya maombi ya namna hiyo kwa mwezi, kwahiyo usiyamwage hovyo, fupisha ujumbe ubaki mistari mitatu na uupeleke kwa wale wa kwenye daftari.

Kuhusu salamu. LinkedIn huwezi kujua umri wa mtu sawasawa, "habari za kazi" au "habari za majukumu" inakaa salama kwa wote. Lakini kama ni mwalimu wako wa chuo au mzee aliyewahi kukusimamia field na unaye WhatsApp, anza na "shikamoo mwalimu", "shikamoo mzee", halafu jitambulishe mwaka na kozi maana kafundisha mamia. "Mimi yule niliyefanya utafiti wa stoo za hospitali ya wilaya, ulinisimamia" inamrudisha pale pale. Na usimtumie voice note ya dakika nne mtu ambaye hamjazoeana, hajui ndani kuna nini na pengine yuko kikaoni. Usiku wa saa tano pia hapana.

Asipojibu subiri wiki nzima, mkumbushe mara moja tu kwa upole, halafu achana naye bila neno la lawama. Tiki za bluu si ugomvi.

Akijibu, hapa ndo wengi wanaacha hela mezani, wanasema "asante sana mkuu" na yanaishia hapo. Fanya alichokwambia. Baada ya mwezi mrudie: "Habari za kazi, ulinishauri nijifunze Excel ya kuhesabu mzunguko wa stoo, nimemaliza, nimejaribu kwenye duka la bidhaa za ujenzi la jirani yetu na tumegundua saruji inakaa muda mrefu kuliko nondo." Huyu mtu sasa hawezi kukusahau. Siku ofisini kwao wakisema wanatafuta kijana wa stoo, jina litakalomjia ni la yule aliyeshauriwa akafanya, na wewe hujamwomba kazi hata siku moja.

WhatsApp ndo uwanja wenyewe

LinkedIn ni ya kumpata mtu, ila tuseme ukweli, kwetu mambo yanaishia WhatsApp. Kwahiyo ukishazoeana na mtu kidogo omba namba, na hakikisha na yeye anakusevu, maana status yako inaonwa na wale mliosevuana pande zote mbili. Ukiwa na namba yake yeye hana yako, unaongea na ukuta.

Sevu watu kwa maelezo. Ukienda Sabasaba au Nanenane ukapita kwenye mabanda ukaongea na watu, ukifika kwenye daladala fungua simu uandike: jina, kampuni, "Sabasaba, aliongelea ghala jipya Kibaha". Jioni hiyo hiyo mtumie ujumbe mmoja wa kujitambulisha. Namba isiyo na maelezo baada ya miezi miwili ni namba ya mtu usiyemjua.

Status itumie. Si lazima kila siku. Mara moja kwa wiki weka kitu cha kazi yako: picha ya rafu za stoo mlizopanga upya, bila jina la mteja wala bei, na mstari mmoja wa kueleza kwa nini vitu vinavyotoka sana vimewekwa karibu na mlango. Wanaokujua nusu wanapita hapo wakiwa wanakula, wanaona, wanaingiza akilini kwamba fulani ni mtu wa stoo. Hawatalaiki, hawatasema chochote, na mwaka ujao mmoja wao anakupigia. Ila ukijaza mafumbo ya kumsema mtu, na mipasho, na picha ishirini za sherehe, wanakumyuti, na kile kimoja cha kazi nacho hawakioni.

Magrupu ya fani yapo mengi, na grupu moja la WhatsApp siku hizi linabeba mpaka watu 1,024, kwahiyo usijiunge na kumi, chagua mawili uyaishi. Wiki za mwanzo soma tu uone nani anajibu vizuri. Halafu mtu akiuliza kitu unachokijua mjibu jibu kamili, hatua kwa hatua, usimwambie "nicheki inboksi". Mara tano za kujibu vizuri mbele ya watu elfu moja zinakutambulisha kuliko CV. Na tangazo la kazi unapolishea weka na chanzo chake na tarehe ya mwisho, lisilo na vitu hivyo viwili usilisogeze, linasumbua watu bure.

Kuposti ukiwa huna cha kuposti

"Mimi nitaandika nini, sina cheo." Andika kinachowasumbua watu unaowahudumia. Chukua mfano wa NeST, huu mfumo wa zabuni za serikali ulioanza kutumika 2023 badala ya TANePS. Wafanyabiashara wengi wadogo wanatamani zabuni za halmashauri na wanakwama kwenye kujisajili tu. Ukikaa ukaandika kwa Kiswahili chepesi nyaraka gani mtu aandae kabla ya kuanza kujisajili, na wapi wengi wanakwama, umesaidia watu kweli, na aliyesaidiwa anashea. Mistari michache ya kwanza ndo inayoonekana kabla mtu hajabonyeza kusoma zaidi, kwahiyo anza na tatizo lenyewe, usianze na "Nina furaha kubwa kuwajulisha". Na andika ulichokifanya au kukithibitisha wewe, ukinakili posti ya mtu wa Marekani ukaibandika jina lako watu wa fani wanaijua.

Kukomenti nako ni kuposti. Ukiwa huna nguvu ya kuandika posti, toa komenti moja yenye mashiko kwenye posti ya mtu unayetaka akujue. "Hongera mkuu" hazihesabiki, ziko mia.

Ukishakuwa ndani ya ofisi

Kuna vitu vinafukuzisha kazi na vinaonekana vidogo. Selfie ya mezani na nyuma yako skrini imefunguka na majina ya wateja. Picha ya LPO unayomtumia rafiki akuangalizie kama iko sawa. Orodha ya mishahara iliyopita kwenye grupu kwa bahati mbaya. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya wana ya kwao ya 2019, kwahiyo taarifa za watu si suala la adabu ya ofisi tu. Kabla ya kupiga picha kazini geuka uangalie nini kipo nyuma yako.

Kwenye grupu la ofisi andika kama vile bosi wa bosi wako atasoma, maana skrinishoti inasafiri. Malalamiko ya kazi mpelekee mhusika ana kwa ana au kwa barua pepe, usiyamwage grupuni saa nne usiku ukiwa umekasirika. Na kama grupu linakunyima usingizi limyuti bila kuliaga, asubuhi soma ya muhimu ujibu.

Jambo jingine, linda akaunti yako kwa ajili ya watu wako. Anakuja mtu anasema "nimetuma kodi (code) ya namba sita kwako kwa makosa, nisomee", ukisoma tu WhatsApp imekwenda, na dakika ileile anaanza kuwaomba hela watu wako wote uliowajenga kwa miaka. Weka PIN ya hatua mbili leo, iko kwenye settings za akaunti, na ile kodi usimpe mtu yeyote hata akiwa na picha ya dada yako.

Na matapeli wa ajira: kazi inayodai hela ya fomu, ya vipimo, ya semina elekezi kabla hujaanza, iache. Nafasi za serikali zinazopitia Sekretarieti ya Ajira zinaombwa kwenye Ajira Portal na huko hulipi hela yoyote, anayekuambia ana njia ya mkato kwa laki moja na nusu anaitaka hiyo laki moja na nusu.

Mchongo ukitiki, usikimbilie kuposti barua ya ajira, subiri usaini mkataba na uripoti, maana ofa zinaweza kubadilika hapo katikati. Ila wale wa kwenye daftari, aliyekushauri Excel, mwalimu wako, yule wa Sabasaba, waandikie mmojammoja siku unayoripoti, uwaambie uko wapi na unafanya nini. Halafu ingia LinkedIn tena, na safari hii wajibu wale waliokuandikia wewe.